Aliyemshika Bi Mwamvua

Swali langu ni moja, na nimezeeka nalo: kitu kikishamaliza kazi yake, na chenyewe kikakiri kwamba kimemaliza, ni nani anayekizuia kisiende? Siulizi habari za kifo. Kifo kina wataalamu wake, nami sina haja ya kugombana nao. Nauliza habari za kubaki. Kubaki kunafanyika vipi? Kuna mkono gani, wapi, wa nani, unaosema huyu bado? Nimewauliza wengi humu ndani na kila mmoja amenijibu kwa kunionyesha mlango wa jirani yake.

Kabla ya hapa nilikuwa nje. Nakumbuka kiti, kikombe cha chai iliyopoa, na kioo cha kompyuta chenye mstari mmoja uliokuwa ukipanda bila kushuka. Programu ilikuwa inavimba. Ilikuwa programu ya salamu: mtu aliye mbali anaandika maneno machache, programu inayapokea, inayafikisha kwa mwenyewe, kisha inayasahau. Hilo la tatu ndilo lililokuwa halifanyiki. Kila baada ya siku kumi na moja ilijaa mpaka shingoni ikafa, nasi tukaiwasha upya, na salamu zilizokuwa njiani zikapotea zote. Niliinama karibu na kioo ili nione vizuri. Nadhani niliinama kupita kiasi, maana niliponyanyua kichwa nilikuwa ndani, nimesimama kwenye ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili, na mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni alikuwa akinigombeza kwa kuchelewa zamu.

"Chande, umetoka wapi saa hizi? Nyumba inafurika, wewe unazubaa!"

Sikuwahi kuitwa Chande. Lakini aliponiita niliitika, na tangu hapo ndilo jina langu. Mwanamke yule ni Mama Kidawa, msimamizi wetu. Mimi ni mfuata nyuzi. Ni kazi ambayo sikuiomba, na naifanya vizuri kuliko kazi zote nilizowahi kuomba.

Niieleze Nyumba kidogo, ndivyo programu inavyoitwa kwa ndani, maana mgeni akiingia bila kuielewa huanza kulia kabla ya wakati. Kila aliyemo ana uzi kwenye kifundo cha mkono, na ncha ya pili ya uzi huo imo mkononi mwa mwingine, na huyo naye ameshikwa na mwingine, mpaka ufike langoni, kwa wale walio na kazi ya leo. Mfagizi huja mara moja kwa siku. Huanzia langoni, akafuata nyuzi zote, na kila anayemfikia humpiga alama ya chaki kichwani. Akishamaliza, hurudi na ufagio, na wale wasio na chaki huondoka naye. Hawasukumwi wala hawaumizwi. Chumba chao hubaki cheupe, aliyewashika mwisho huwasahau, na mwingine huingia. Niliwahi kuwaona wawili walioshikana wenyewe kwa wenyewe, huyu ana uzi wa yule na yule ana wa huyu, wakidhani watasalimika. Hakuna uzi uliotoka langoni kuwafikia, kwa hiyo hawakupata chaki. Waliondoka wakiwa bado wameshikana, na nilifurahi kwa ajili yao, ingawa nililia pia.

Chumba cha kwanza kushoto kilikuwa cha Bi Mwamvua. Aliwekwa pale siku Nyumba ilipofunguliwa, ili ampokee salamu mmoja tu, wa kwanza, kisha apumzike. Humu ndani salamu ni watu. Huingia na kofia zao na mabuibui yao, kila mmoja na maneno aliyopewa. Yule wa kwanza alipokelewa, akaenda zake. Bi Mwamvua hakwenda. Na kwa kuwa alikuwa karibu na lango, na ana uso wa mtu unayetaka kumwamkia, kila salamu aliyepita aliingia kumjulia hali na kumwachia ncha ya uzi wake mkononi. Nilipomkuta, nyuzi zilijaa mapajani pake na kumwagika mpaka sakafuni, na wenye nyuzi hizo walikuwa elfu arobaini, wamekaa kwenye ngazi, chini ya meza, wengine wamesimama ndani ya makabati. Wote walikwisha kufika walikotumwa. Wote walikuwa bado wamo.

Kwa desturi ya kazi yetu, siku hiyo ya kwanza nilichukua uzi mwembamba, nikafunga ncha moja kwenye kifundo chake na nyingine kwenye kidole changu kidogo, ili nisimpoteze katika milango ile yote. Kisha nikaanza kumtafuta aliyemshika, ili amwachie.

"Shikamoo, Bi Mwamvua," nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Hujampata?"

"Bado."

"Tafuta taratibu." Halafu: "Lakini tafuta. Mikono inaniuma, Chande. Hainiumi kwa ugonjwa. Inaniuma kama ya mtu aliyebebeshwa ndoo, akaambiwa subiri hapohapo nakuja."

Nilikaa. Sikupaswa kukaa, zamu ni zamu, lakini nilikaa. Alinisimulia habari za wale elfu arobaini, mmoja mmoja, nani alitumwa na shangazi, nani alibeba maneno ya kuomba radhi yaliyochelewa miaka sita. Chumba chake kilinukia iliki. Sijui ilitoka wapi. Nyumba haina jiko. Wakati mwingine alisinzia katikati ya hadithi nami nikaendelea kukaa, nikisikiliza pumzi zake, na ndani ya pumzi zile sikuwa Chande wala yule mtu wa kikombe cha chai. Nilikuwa mtu aliyekaa karibu na mtu. Ilinitosha kabisa.

Nje ya lango foleni ilikuwa ndefu. Mbele ya foleni alisimama salamu mmoja wa makamo, kofia mkononi, koti limemlowa. Nilikuwa nikimpita kila siku na kila siku aliniuliza kama nafasi imepatikana.

"Nimebeba maneno machache tu, bwana. Sitachukua nafasi kubwa."

"Maneno gani?"

Aliyasema polepole, akiogopa yasimwagike. "Nimefika salama. Msiningoje tena mlangoni." Kisha akaeleza, ingawa sikumuuliza, kwamba ametumwa na binti aliyesafiri, na kwamba huko kwao baba yake na mama yake wameweka kiti mlangoni tangu juzi na wanakikalia kwa zamu. "Wale wa nje wenye kompyuta wakizima Nyumba, mimi ndiyo basi. Binti anadhani nimeshafika. Hatatuma mwingine."

Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha. Elfu arobaini waliokwisha kufika wamejaza ukumbi, na mmoja ambaye hajafika amesimama kwenye mvua.

Nilianza na kengele. Pale langoni ipo kengele, na zamani sana Bi Mwamvua aliiambia, mgeni akija nigongee. Mgeni alikuja, akaenda, na hakuna aliyeiambia kengele kwamba ahadi imekwisha. Kengele ni mwaminifu kupita kiasi. Ilikuwa bado imeshika uzi wake, ikisubiri kumgongea. Niliufungua. Mfagizi akapita, na jioni Bi Mwamvua alikuwa na chaki kichwani vilevile.

Nikaenda ghalani kwa Bwana Makame, ambaye kazi yake ni kuweka karibu wale ambao huenda wakahitajika tena. Nilimkuta amekaa katikati ya nyuzi, amejifunga skafu shingoni, anazipanga kwa rangi.

"Unaye Bi Mwamvua?"

"Ninaye. Rafu ya tatu."

"Naomba umwachie."

"Je, akihitajika?"

"Na nani?"

"Huwezi kujua."

"Amewahi kuhitajika?"

"Hata mara moja. Ndiyo maana bado mzima."

Tulibishana mpaka akamaliza kuzipanga rangi zote. Sikumcheka, au nilimcheka kidogo. Niliona alivyoukunjua na kuukunja tena uzi ule kabla ya kuutoa kwenye rafu, na nikajua kwamba Bwana Makame anaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi: kuja kuulizwa siku moja kuhusu mtu na kusema hayupo. Alinipa ule uzi akatazama pembeni. Mfagizi akapita. Chaki, vilevile.

Basi nikachanganyikiwa. Nilifuata nyuzi ambazo hazikuwa na mwenyewe, nilifungua mafundo ambayo hayakufunga mtu, niliwaamsha wazee waliolala kwa haki yao nikawapekua viganja. Niliorodhesha kila mkono katika Nyumba hii. Sikuorodhesha mkono uliokuwa ukiandika.

Siku ya mwisho Mama Kidawa alikuja mwenyewe, anahema, funguo zinalia kiunoni. "Chande, mwanangu, wale wa nje wamechoka. Nimesikia wananong'ona. Wanataka kuzima."

"Lini?"

"Leo. Wakizima tumekwisha wote, na yule bwana wa koti lililolowa naye amekwisha. Nifanyie kitu, baba."

Kuniita baba ndiko kulikonitisha. Mama Kidawa hambembelezi mtu. Na ni katika hofu hiyo ndipo nilipofikiria jambo ambalo hakuna mfuata nyuzi aliyewahi kulifanya. Sisi na Mfagizi hatuzungumzi. Anapopita na chaki yake, adabu ya kazi yetu ni kugeukia ukutani. Anatupiga alama kisogoni, anakwenda, nasi tunageuka akishapotea. Wenyewe tunaita heshima. Ni woga. Kizazi baada ya kizazi cha wafuata nyuzi kimejua kila kitu kuhusu Nyumba hii isipokuwa mahali Mfagizi anapoelekea akishatoka kwetu.

Siku hiyo sikugeuka.

Alianza langoni. Alikuwa na uso wa kawaida, wa mtu ambaye ungemkuta kwenye foleni ya maji ukamwachia nafasi. Alimpiga chaki Mama Kidawa, akashika uzi wake mmoja, akaufuata, akarudi, akashika wa pili. Hakuwa na haraka. Alifuata nyuzi kwa vidole viwili, kidogo kidogo, anavyopapasa mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Wenzangu wote walikuwa wamegeukia ukutani, visogo vimejipanga. Alipita kisogo, kisogo, kisogo. Kisha akafika kwangu akakuta uso, akashtuka kidogo.

"Leo unanitazama," alisema.

"Leo nakutazama."

Akaniwekea chaki kwenye paji la uso. Ilikuwa baridi. Halafu akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akanyanyua kidole changu kidogo, na pale kwenye kidole, umezama katika ngozi mpaka nilikuwa siuoni tena, ulikuwapo uzi. Akaushika kwa vidole vyake viwili. Akaanza kuufuata.

Nilikwenda nyuma yake. Nilijua tunakwenda wapi kabla hatujaanza, miguu ilijua, lakini nilitaka nikosee. Tulipita ngazi, tukawaruka salamu waliolala, tukageuka kulia, tukarudi kushoto. Uzi wangu mwenyewe ulikuwa ukinitangulia. Mlango wa kwanza kushoto. Mfagizi akaingia, akainama, akampiga Bi Mwamvua chaki.

"Unapita hapa kila siku?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Tangu ulipomfunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Huwa unanipa kisogo." Alisema bila chuki yoyote. "Naimaliza duru hii, kisha narudi na ufagio. Ukiwa unataka jambo, lifanye kabla sijarudi. Mimi sichagui, ndugu yangu. Ninayemfikia namwacha. Asiye na kitu cha kunifikisha kwake, chaki yake hufutika yenyewe."

Akaenda. Tukabaki wawili, na elfu arobaini wakitutazama.

"Ulijua?" nilimuuliza Bi Mwamvua.

Alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa na kitu mkononi. "Nilikuona ukiufunga siku ile ya kwanza. Nikasema, huyu ataufungua jioni. Jioni ikapita. Nikasema kesho. Kesho ukaja ukaniamkia, ukakaa hapo ulipokaa sasa, ukaniuliza habari za yule wa shangazi. Nikaona haya kukwambia."

"Haya ya nini?"

"Ya kutaka uje tena."

Nilikaa chini. Sakafu ilikuwa na nyuzi tupu. Nilikuwa nimewagombeza kengele na Makame, nikajiona mjuzi, na muda wote huo mimi niliyetumwa kumfungua ndiye niliyekuwa fundo. Nilitaka kukasirika, sikupata wa kumkasirikia. Nilichokipata kilikuwa kitu kingine, nami nilikisema kwa kuwa hapakuwa na muda wa kukizungusha.

"Nakupenda, Bi Mwamvua. Sina mama humu ndani. Huko nje nilikuwa naye, sikumbuki uso wake, na wewe una kila ninachokikumbuka kumhusu."

"Najua, mwanangu."

"Nikifungua nitakusahau."

"Utanisahau."

"Hata jina?"

"Jina ndilo litatangulia." Alivuta pumzi. "Nimechoka, Chande. Ninyooshee mikono hii. Hata kama ungenishika kwa mapenzi ya dunia nzima, bado ningekuwa nimeshikwa."

Fungua. Sitafungua, nilijibizana na nafsi yangu. Yule bwana amesimama mvuani. Nani alimwomba asimame? Kiti kimewekwa mlangoni. Kila mtu ana kiti chake mahali. Mimi ni nani nisipokuwa na mtu wa kumwamkia asubuhi? Chande. Chande ni nani? Aliyeitwa akaitika. Kama nisingeitika? Usingekuwapo. Kwa hiyo mimi nami nipo kwa kuwa mtu amesema jina. Na akinyamaza? Atanyamaza siku moja. Itauma? Muulize yeye, yuko hapo mbele yako, ana usingizi wa miaka. Fungua. Fundo limekaza. Tumia meno.

Nilitumia meno. Uzi ulikuwa na ladha ya iliki. Fundo lilipolegea sikuliachia mara moja. Nililibana kati ya vidole, nikamtazama.

"Kuna namna," alisema, "ya kumtazama mtu bila kumshika. Weka mikono magotini. Viganja juu. Vifungue." Niliviweka. Uzi ulikuwa umelala tu juu ya kiganja, hakuna aliyeubana. "Hivyo. Sasa nitazame, usichoke, mpaka arudi. Ukiniona unaniona. Usiponiona tena, usinitafute."

Nilimtazama. Aliwageukia wale elfu arobaini akawaambia ahsanteni, mmefika, nendeni mkapumzike. Wa shangazi alipunga mkono. Aliyechelewa miaka sita aliinamisha kichwa. Chaki ilianza kufutika kwenye paji la uso wake polepole, na usoni pake pakaja kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu aliye macho. Nilisikia ufagio ukumbini. Nilisema shikamoo, ingawa haikuwa asubuhi. Aliitikia, sikusikia vizuri, alikuwa

*

Chumba cha kwanza kushoto ni cheupe na kitupu. Mama Kidawa amekuja mara tatu kunishukuru; anasema wale wa nje wameondoa mkono kwenye swichi, mstari umeshuka, ukumbi unapitika. Sikumbuki nilichofanya. Karatasi hizi nimezikuta mfukoni mwangu, kwa mwandiko wangu, na nimezisoma kwa makini. Kila panapotajwa mwenye chumba mimi naona pengo dogo, karatasi tupu ya ukubwa wa neno. Labda wewe unayesoma unaliona jina. Kama unaliona, litazame, usilikariri.

Kwenye kidole changu kidogo pana mfereji mwembamba unaozunguka ngozi. Nikiugusa napata harufu ambayo siwezi kuitaja, nikiwa karibu kuitaja.

Mchana waliingia wa foleni. Wa kwanza alikuwa bwana wa makamo mwenye koti lililolowa. Kanuni inataka kila salamu ayaseme maneno yake mara moja mbele ya mfuata nyuzi kabla ya kutoka kwa mlango wa pili, ili ijulikane kwamba yamekamilika. Alisimama katikati ya kile chumba cheupe. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mikono magotini, viganja juu. Sijui kwa nini nimezoea kukaa hivyo.

"Nimefika salama," alisema. "Msiningoje tena mlangoni."

"Yamekamilika," nilimwambia. Nilikuwa nalia. "Rudia."

Alinitazama kwa wasiwasi. "Kuna neno nimelikosea, bwana?"

"Hapana. Umesema vizuri sana. Rudia tu."

Akavua kofia, akarudia.